Ziara ya akiolojia Mexico, kwa macho ya mwenye kisiagi

Nimesaga mahindi Kawangware miaka 22. Mwanangu aliponiambia amenilipia nusu ya ziara ya kwenda kuona magofu ya Mexico, nilimjibu kuwa nusu iliyobaki ni mota mpya ya kisiagi. Akasema, "Mama, mota utanunua mwaka ujao." Tukaenda. Mota sijanunua.

Tulikuwa watu 14, siku 11, na daktari mmoja wa akiolojia, mwenyeji wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, aliyeshinda nasi asubuhi hadi jioni. Huyo ndiye unayemlipia. Jina la kampuni naliacha kwa sababu tulishazozana nao wakanirudishia kidogo. Vile vidude vya masikioni vya kumsikilizia mtaalamu vilizima siku ya tatu, na basi lilikuwa na joto la tanuri. Halafu hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, na ajenti wetu wa mjini alitukatia tiketi ya kulala kwa muda wa saa tisa kwenye viti vya uwanja wa ndege Ulaya. Ukikata yako, soma hizo saa mwenyewe.

Teotihuacan, mji wa magofu, tuliiona kwanza, kilomita 50 hivi kutoka Mexico City. Piramidi ya Jua ina urefu wa mita 65 hivi na hatukuruhusiwa kuipanda. Magoti yangu yalishukuru. Wachuuzi wanapuliza filimbi zinazonguruma kama mnyama, unaruka kila hatua. Wenzetu waliotoka miji ya pwani walikuwa wanahema, maana nchi hiyo iko juu, zaidi ya mita 2,200. Mimi wa Nairobi nilitembea kama naenda Gikomba. Nilichobaki nacho hapo ni kwamba Waazteki, watawala wa huko kabla ya Wazungu kufika, ambao mimi nilidhani ndio walioijenga, waliukuta mji ulishakufa karne nyingi. Hata jina Teotihuacan ni wao waliolitoa.

Lakini pesa yangu ilirudi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, yale ya Chapultepec yaliyofunguliwa 1964. Kila mgeni hukimbilia Jiwe la Jua, lile la duara la tani 24. Daktari alitupa dakika kumi za kupiga picha, kisha akatuvuta mbele ya jiwe jeusi la kusagia lenye miguu mitatu, wanaita metate. Akauliza, "Nani hapa amewahi kusaga kwa mkono?" Nikainua mkono peke yangu. Akaniomba nionyeshe. Basi nikapiga magoti sakafuni, nikasaga hewa, kama nyanya yangu alivyosaga nyuma ya nyumba Kangema: uzito unatoka mgongoni, mikono inafuata tu. Mlinzi alikuja mbio akidhani nimeanguka.

Hapo ndipo alipotueleza habari ya chokaa. Kule mahindi hayasagwi makavu kama yetu. Huchemshwa na chokaa, yakalala usiku kucha kwenye maji yale yale, asubuhi yakaoshwa ganda likatoka, ndipo yakasagwa mabichi kuwa donge la chapati zao. Nikamwambia sisi tunatia magadi kwenye githeri ili iive upesi. Akasimamisha kundi zima. Magadi yanatoka wapi? Yanafananaje? Nikamweleza kuna ziwa la jina hilo kusini ya Nairobi, limejaa hiyo magadi. Akatoa daftari akaandika.

Kumbe chokaa haifanyi kazi ya kulainisha tu. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa. Chokaa ndiyo huifungua ili mwili uipate. Wazungu walibeba mbegu baada ya 1492, wakaiacha ile sufuria ya chokaa jikoni kwa wenyewe. Ndiyo maana maskini waliokula mahindi matupu, kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, walipatwa na pelagra: ngozi inabambuka, akili inavurugika. Mimi nimepimia watu unga kwa gorogoro miaka yote hii bila kujua. Na jina tunaloliita, mahindi, kana kwamba yalitoka India!

Nilimuuliza kama magadi yetu yanafanya kazi ile ile. Hapo nilimheshimu zaidi. Alisema magadi na chokaa ni vitu viwili, na kulaza usiku si sawa na kuchemsha saa moja, kwa hiyo hawezi kunipa jibu la kunifurahisha. Waongozaji wengine wangenipa.

Oaxaca tulipanda Monte Albán, kilima ambacho Wazapoteki, watu wa kale wa huko, walikisawazisha kichwa wakaanza kujenga kama miaka 500 kabla ya Kristo. Dhahabu ya Kaburi la 7 la hapo kilimani, alilolifungua mwanaakiolojia Alfonso Caso mwaka 1932, iko mjini, makumbusho ya Santo Domingo. Ni nzuri, ila kwangu dhahabu ni dhahabu. Kwenye magofu ya Mitla nilikaa sana. Kuta zimejaa nakshi za vijiwe vilivyokatwa vikapangwa bila udongo wa kushikia. Fundi aliyenijengea ukuta wa choo ningempeleka kwa lazima.

Kisha kwenye magofu ya Yagul Daktari akanyoosha kidole kwenye miamba akatueleza juu ya pango la Guilá Naquitz, lililotoa magunzi ya miaka zaidi ya 6,000. Magunzi yenyewe hayafiki urefu wa kidole. Nilimwomba arudie.

Lawama yangu kubwa ni chakula. Baada ya somo lote lile, hoteli zilitulisha chapati za mahindi za kiwandani, kavu kama katoni. Nililalamika mbele ya kila mtu. Jumapili Daktari akaacha ratiba, akatupeleka soko la Tlacolula, tukala zilizotoka motoni kwa akina mama. Huo unga ukiunusa unajua umelala na chokaa.

Sokoni hapo nikanunua metate ndogo na mchi wake. Kilo 11, na faini ya mzigo nililipa huku mwanangu akitazama pembeni. Wa forodha hapa JKIA, uwanja wetu wa ndege, aliniuliza ni la nini, nikamwambia la kusagia, akaniangalia tena.

Sasa liko karibu na mlango wa kisiagi. Wateja wanauliza kama nasaga na hilo pia, na bei ni ngapi. Juzi mzee mmoja aliyeleta debe la mahindi aliinama akalipapasa, akasema la mama yake bado liko Murang'a. Linazuia mlango wa banda la kuku.