Filamu ya sinema, kidole cheusi na magadi ya githeri

Nianze na kile kidole, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya studio moja hapa katikati ya jiji la Nairobi (siitaji, wenyewe watajijua), nyuma yangu foleni ya watu wa picha za pasipoti. Nikamkabidhi mzee wa kaunta mkebe wangu wa filamu ya kamera, aioshe. Akakivuta kiulimi kilichobaki nje, akakigeuza, akalamba kidole gumba na kusugua mgongo wa filamu. Kidole kikatoka cheusi, utadhani amekipitisha chini ya sufuria ya jiko la makaa. Akanionyesha. Kisha, jamani, akakipangusa kwenye bahasha yangu, palepale nilipokuwa nimeandika jina langu.

"Madam, hii takataka umeitoa wapi? Unataka kuniulia mashine?"

Foleni ikacheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto alicheka mpaka mtoto naye akacheka. Nilitoka pale nikitembea upesi kama mwizi, na nilifika Moi Avenue ndipo nikakumbuka kwamba jibu kali lipo, sema limechelewa.

Sasa kijana aliyeniuzia hiyo filamu. Huyo alikuwa mpole ajabu, kila ujumbe "dada yangu" hivi, "dada yangu" vile. Aliituma kwa boda, imefungwa utepe wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu: 500T. Alinieleza kwamba ni Kodak Vision3, ile ile wanayopigia sinema kubwa Marekani, inakuja kwenye roli refu la futi 400, naye anaikata na kuifunga kwenye mikebe ya kawaida kwa mkono, gizani. Yote hayo ni kweli. Nikamuuliza nitaioshea wapi.

"Popote, dada yangu. Filamu ni filamu."

Si kweli! Filamu ya sinema kama hii yangu ina masizi mgongoni, tabaka la kaboni. Kwenye kamera ya sinema hupita mbio, picha 24 kila sekunde, na hayo masizi huikinga na mikwaruzo na umeme wa msuguano, tena huzuia mwanga usigonge nyuma ukarudi. Maabara za sinema zina hatua yake ya kuyatoa kabla ya jambo lingine lolote. Mashine ya studio ya mtaani haina. Ukiitia humo, masizi yanabanduka ndani ya dawa, yanaganda kwenye roli za mashine, halafu filamu ya harusi ya mtu inayofuata inatoka na madoa meusi usoni mwa bibi harusi.

Kwa hiyo yule mzee alikuwa na haki. Naiandika sentensi hiyo nimekaza meno. Alikuwa na haki ya kukataa, lakini kile kidole kwenye bahasha nani alimtuma? Angesema tu, "Mwanangu, hii siwezi, ina masizi." Mbona hayo ni maneno machache kuliko matusi aliyonipa?

Nikaamua kuosha mwenyewe, bafuni kwangu South B. Dawa nilizokuwa nazo ni zile za filamu ya rangi ya kawaida, za nyuzi 38. Ya sinema ina mchakato wake, ECN-2, unaotaka nyuzi 41 na dakika 3 kwenye dawa ya kwanza, lakini mkono mtupu haulambwi, nikatumia nilichonacho. Masizi niliyatoa kwa magadi. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia githeri, kwenye maji ya uvuguvugu. Unamimina ndani ya tangi la kuoshea filamu, unatikisa kwa nguvu zako zote, unamwaga. Yalitoka maji meusi kama ya kuoshea masufuria ya matanga. Suuza. Meusi. Suuza tena. Bado.

Basi nimeshamaliza dawa zote, nimebakiza suuza ya mwisho, mfereji ukakohoa mara mbili na kunyamaza. Siku ya mgao, na mimi nilikuwa nimesahau ratiba. Nilibisha kwa jirani nimevaa glavu zenye madoa, nikaomba mtungi wake wa lita 20. Alinitazama mikono akauliza kama nimepaka nywele rangi. Nikasema ndiyo, maana kumweleza ukweli ningemaliza usiku. Jirani, kama unasoma, mtungi wako nitaurudisha umejaa.

Picha? Za mchana, nilizopigia Uhuru Park, zote za bluu, watu kama wamezama ziwani. Kumbe T ile ni ya mwanga wa taa, na mchana inataka kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi. Yule mpole hakunidokezea hilo pia. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota moja na kumsema vizuri.

Halafu nikafika za usiku.

Nilikuwa nimepiga nganya, zile matatu za madoido, za Rongai pale Railways, mvua imetoka kunyesha, lami inang'aa. Nilitarajia ule wekundu unaozizunguka taa kwenye picha za watu mtandaoni, nikaukosa, nikakasirika tena. Baadaye nikaelewa kwamba wekundu ule hutokea filamu ikiondolewa masizi kabla ya kupigwa. Yangu ilipigwa nayo, kwa hiyo kila taa imebaki mahali pake. Maandishi ya zambarau kwenye kioo cha nyuma yanasomeka. Makanga ananing'inia mlangoni, nusu ya uso wake kijani, nusu waridi, na weusi wa usiku ni weusi wenyewe, wenye kina. Nimepiga picha za matatu kwa simu miaka yote hii na sijawahi kupata moja inayofanana na hii. Kuna vidoa viwili vya masizi angani ambavyo magadi hayakuvifikia. Mtu asiyejua atasema ni popo.

Kwa hiyo niseme nini? Usinunue, kama huna bafu, magadi na roho ngumu. Au nunua. Filamu yenyewe haina kosa. Nyota nne. Muuzaji mbili, kwa sababu upole bila maelezo umenigharimu aibu na fremu kumi na kitu. Yule mzee sifuri, japo ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli siku hiyo. Bahasha bado ninayo, alama ya gumba imekauka juu ya jina langu.

Jana kijana ameandika, "Dada yangu, nikuwekee mbili?" Nimemwambia aweke tatu, na safari hii aandike MASIZI kwenye mkebe, kwa herufi kubwa.