Kwotabeki kinda: tumpime kwa asilimia au kwa video?

Kila Agosti kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ubishi ni huu huu kuhusu kwotabeki, yule mrushaji wa pasi. Asilimia ya pasi zilizodakwa ni bure, dakika moja ushaipata, ila mechi za kabla ya msimu ni 3 tu kwa timu nyingi na dogo anacheza kipande, wapokeaji wakidondosha mbili namba ishaharibika. Video inakula muda, unarudisha nyuma uone mpira umemkuta mwenzake kifuani anakimbia au umemlazimisha asimame ageuke, na usahihi wenyewe uko hapo jamani! Ila macho yana upendeleo, kwa msimu mzima namba inashinda: kwotabeki Josh Allen alikuwa na 52.8% mwaka 2018, 69.2% mwaka 2020. Huna muda? Soma namba, usiiapie. Timu ya moyoni? Kaa na video.