Sauvignon Blanc ya pwani baridi ya Rasi: chupa ipi ya kuchukua Kampala

Kwenye rafu za mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, Sauvignon Blanc, mvinyo wa zabibu nyeupe za jina hilo hilo, haikosekani. Kinachotenganisha nzuri na ya kawaida kimeandikwa kwa herufi ndogo: mahali zilikotoka zabibu. "Western Cape", yaani Rasi ya Magharibi, ni eneo pana mno, lina mabonde ya joto na pwani za baridi humo humo. Tafuta majina ya sehemu zake za baridi: Elgin, Elim, Durbanville, Constantia au Walker Bay. Kanuni za huko zinataka zabibu zote ziwe za mahali palipotajwa, kwa hiyo jina hilo si pambo.

Siri ni bahari. Mkondo wa Benguela hupitisha maji baridi pwani ya magharibi, na upepo wa baharini hupoza mashamba mchana. Elim iko karibu na Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Elgin, nchi ya matufaha, huongezewa baridi na mwinuko. Zabibu zikiiva taratibu hubaki na asidi, ule ukali wa kujaza mate mdomoni, na harufu ya majani mabichi haipotei kwa joto.

Utasikia harufu ya nyasi iliyokatwa, pilipili hoho ya kijani, ndimu, pasheni. Lebo ikitaja "gooseberry", usifikirie ntuntunu zetu, zile za manjano zenye ganda kama karatasi. Hilo ni tunda jingine, la kijani na chachu zaidi. Hoho ikifunika kila kitu, zabibu zilichumwa mapema mno.

Chupa nyingi ni za tangi la chuma cha pua: nyepesi, kali, za kunywa ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mwaka ulio kwenye lebo, ambao ni mwaka wa mavuno. Hizi ndizo za tilapia wa kukaanga na kachumbari. Asidi inakata mafuta kama ndimu inavyofanya. Zilizokaa miezi kadhaa juu ya mashapo ya hamira (masalia ya uchachushaji yaliyotulia chini) hujaa zaidi mdomoni. Za pipa la mwaloni, mara nyingi zikichanganywa na Semillon, aina nyingine ya zabibu nyeupe, zina moshi kidogo na uzito wa kutosha kusimama na sangara ndani ya mchuzi wa binyebwa, yaani karanga. Ni ghali zaidi, na kwa samaki wa kukaanga ni kupoteza pesa.

Joto la kunywea ni nyuzi 8 hadi 10. Friji ya nyumbani huwa kama 4, na ubaridi huo huua harufu, basi itoe chupa dakika 15 kabla. Ukiwa na haraka, jaza ndoo barafu na maji nusu kwa nusu, tupia konzi ya chumvi, uizamishe dakika 20. Barafu bila maji hupoza polepole kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu.

Balaa kubwa ni duka lenyewe. Chupa iliyosimama dirishani juani huharibika hata ikiwa ya mwaka jana: rangi hukolea kuwa dhahabu, harufu inakuwa ya tufaha lililopikwa. Kioo kisicho na rangi ni kibaya zaidi, mwanga huleta harufu ya kabeji iliyochemshwa. Ingiza mkono, uchukue ya nyuma kabisa ya rafu. Yenye kizibo cha gome, papasa juu yake: kikiwa kimejitokeza au kinanata, mvinyo ulipata joto na kuvuja. Irudishe.