Nakala ya mfukoni ya Katiba: Kiswahili kizuri, historia haimo

Nakala hii ya Katiba ya Kenya kwa Kiswahili niliinunua shilingi 350 kwenye duka la vitabu Barabara ya Digo, Mombasa. Inakaa kando ya cherehani yangu huku Majengo, na jalada limeshaingia mafuta ya mashine, maana kila mteja anayesubiri nguo huishika.

Kiswahili chake kinasomeka bila taabu. Chukua Kifungu cha 170: kadhi anaamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, mradi wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kesi isikizwe mbele yake. Sharti hilo la kukubali wengi hawalijui. Mama mmoja mwenye kesi ya mirathi aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akachukua kalamu yangu ya kuchorea vitambaa akaandika 170 kiganjani. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Kinachoniudhi ni utangulizi wa mchapishaji. Kurasa mbili tu: kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010, katiba ikazinduliwa tarehe 27, basi. Hakuna neno kwamba makanisa mengi yaliipinga kwa sababu ya Mahakama ya Kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Rasimu ya Bomas ya 2004, ile ya mkutano wa kitaifa wa katiba, iliyotaka waziri mkuu mwenye mamlaka, haitajwi. Wala haitajwi jinsi ilivyogeuzwa, hata Chungwa, alama ya kura ya La, likaibwaga Ndizi, alama ya Ndiyo, kwenye kura ya maamuzi ya mwaka 2005. Na Januari 2010, kamati ya wabunge ilipokaa Naivasha ikachagua mfumo wa urais, huo ndio uamuzi tunaoishi nao hadi leo! Mwananchi ana haki ya kuujua.

Sisi Wapwani tulistahili angalau ukurasa mmoja wa majimbo, yaani mikoa yenye serikali na mamlaka yake. Ronald Ngala, kiongozi wetu wa Pwani, na chama chake cha KADU waliyapigania mpaka yakaingia kwenye katiba ya uhuru ya 1963, na mwaka uliofuata yakaanza kuvunjwa. Kijana asiyeambiwa hayo ataisoma Sura ya 11 akidhani ugatuzi ni hisani ya Nairobi.

Inunue, lakini wenye macho mazito waje na miwani, herufi ni ndogo mno. Kagua pia gundi ya mgongo kabla hujalipa. Kwangu zilizoanza kuachia ni kurasa za Jedwali la Nne, zile zinazogawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti, na ndizo wateja wanaozifungua zaidi wakigombania nani wa kulaumiwa hospitali ikikosa dawa.