Kijana kapata leseni juzi, umnunulie gari gani? Anza na VSC, rimu baadae

Dada yangu alinipigia simu, mwanae ana miaka 19, kamaliza form six na atakuwa anatoka Mbezi kwenda chuo kila siku, bajeti milioni 20, na tayari dalali kashamwonyesha IST namba D rimu zinang'aa na redio ya skrini kubwa. Nikamwambia dada subiri kwanza. Tukazunguka wiki tatu, mayadi na magari ya mkononi, na haya ndo niliyotoka nayo, maana wazazi wengi tunaanza na mafuta na spea, usalama tunaukumbuka gari likishalala mtaroni.

Cha kwanza kabisa VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, hilo jina ni la Toyota. Subaru wanaiita VDC, Honda VSA, Mazda DSC, kazi ni ileile: gari likianza kuserereka, mfumo unabana breki tairi moja moja na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari lirudi kule usukani unakoelekeza. Sasa fikiria kijana mgeni barabarani, mvua ya kwanza Kimara, lami imechanganyika vumbi na oili, bodaboda anakatiza mbele yake, anakata usukani ghafla... uzoefu hana, kinachoweza kumshika pale ni hiyo VSC. Marekani waliilazimisha kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 2012, Japan nao mwaka huohuo wakaanza na modeli mpya, kwahiyo gari la 2013 au 2014 kuja juu una nafasi nzuri ya kuikuta, chini ya hapo kagua moja moja.

Na kukagua sio kazi. Washa swichi bila kupiga stata, angalia dashibodi: taa ya ABS (breki zinazozuia tairi zisijifunge), ya airbag (mfuko wa hewa wa kukinga ukigonga) na ile ya kigari kinachoteleza lazima ziwake kisha zizime. Taa ya airbag isiyowaka kabisa iogope kuliko hata inayowaka muda wote. Tulikuta Vitz moja ya hivyo, fundi wetu akafungua, balbu imetolewa na kwenye usukani hamna airbag, ni kava tupu, na muuzaji kakazana gari halijawahi kugongwa. Iliniuma sana, kuna mtoto wa mtu angekaa pale.

Alafu kuna airbag za Takata. Zile zilizorudishwa duniani kote, kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Joto na unyevu ndo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa! Vitz, Corolla, Honda Fit ni kati ya zilizoguswa, kwahiyo chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji Japan kabla hujalipa hata shilingi.

Sasa chaguo langu. Namba moja Toyota Axio ya 2013 kuendelea, au Fielder kama mnabeba mizigo. Injini 1.5 inatosha, spea zimejaa Kariakoo, kila fundi anaijua, na za baada ya maboresho ya 2015 nyingine zina mfumo wa kufunga breki wenyewe. Airbag za pembeni sio zote zinazo, fungua mlango uangalie maandishi ya SRS, alama ya airbag, kwenye nguzo na ubavu wa siti.

Namba mbili Subaru Impreza, ila isiwe ya turbo. Kwa usalama peke yake ningeiweka juu, iliyotoka mwishoni mwa 2016 ina airbag saba na hadi ya kumkinga mtembea kwa miguu, lakini bei yake inapanda na fundi wa Subaru lazima awe wa Subaru kweli. Namba tatu Mazda Demio ya 2015 kuja juu, imara kuliko unavyoidhania, ni ndogo tu. IST naiweka ya nne, na ni ile ya kuanzia 2007 ukiwa umeiona VSC kwa macho yako.

Passo na Vitz za zamani hapana, najua zinanusa mafuta tu, ila ni nyepesi mno na barabara ya Morogoro ina malori na mabasi. Mark X nayo hapana kabisa, injini ya V6 (silinda sita) inayosukuma tairi za nyuma kumpa wa miaka 19 mi siwezi, hata alie. Na Noah achaneni nayo, sio ubovu wa gari, ni siti zake: zitajaa marafiki, na kijana akibeba wenzake ndo hatari inapoongezeka.

Dada alichukua Axio ya 2013, bima kubwa, na chenji iliyobaki tukanunua matairi mapya manne. Yale iliyokuja nayo yalikuwa na kashata safi kabisa kwa macho, lakini ubavuni yameandikwa 1114, yaani yametengenezwa wiki ya 11 mwaka 2014, mpira umeshazeeka.