Chujio la RO kwa tangi la chaza wakubwa hapa Kigoma: uzoefu wangu

Chujio hili la RO (reverse osmosis, yaani maji yanasukumwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi) lina miezi kumi na minne kwangu, likihudumia tangi la lita 400 lenye chaza wawili wa baharini aina ya Tridacna derasa, mmoja sentimita 19, mwingine 24. Ni ile mashine ya kawaida ya maji ya kunywa, hatua tano, galoni 100 kwa siku (lita 380 hivi). Nyuma yake nimeunga kopo la rezini ya DI, punje zinazonasa chumvi iliyobaki baada ya utando. Taa nzuri ni lazima, kwa sababu derasa anaishi kwa mwani uliomo kwenye nyama yake na mwani unataka mwanga mkali. Lakini kwa mtu wa Kigoma ningesema nunua chujio kwanza, taa baadaye.

Shida yetu ni maji yenyewe. Maji ya bomba hapa yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina maji magumu ya aina yake: pH inakaribia 9, alkalini (kabonati na baikabonati zilizomo majini) karibu 18 kwa kipimo cha dKH, magnesiamu miligramu 40 hivi kwa lita, kalsiamu kama 10 tu. Samaki wa ziwani ndiyo maisha yao hayo. Chumvi ya akwariamu, kwa upande wake, imepimwa ichanganywe na maji matupu. Alkalini yake ya 8 mpaka 11 imo tayari ndani ya pakiti. Ichanganye na maji ya bomba uone: alkalini inafika 26 au zaidi, na baada ya saa chache ndoo inageuka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Ule weupe ni kalsiamu iliyoshikana na kabonati ikatua chini, kalsiamu ileile ambayo chaza angejengea gamba. Hita na pampu zinaota ukoko, na gamba linasimama kukua.

Wapo wanaouliza kuhusu chumvi ya Uvinza kwa kuwa iko jirani na bei yake ni nafuu. Ile ni ya mboga. Haina kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwa uwiano wa bahari, chaza hataishi nayo.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Utando wa RO unataka mgandamizo wa baa 3.5 mpaka 4. Simtanki iliyoinuliwa mita 3 inatoa baa 0.3 tu. Ukiunga moja kwa moja, maji yatadondoka tone tone, na hayo machache yatatoka machafu zaidi, kwa sababu mgandamizo mdogo unapunguza pia uwezo wa utando kuzuia chumvi. Chagua mashine yenye pampu ya busta. Yangu inayo, na inafanya kazi vizuri, ila adapta yake iliungua mwezi wa nne kwa umeme wa kupanda na kushuka, na muuzaji akakataa kuibadilisha. Weka stabilaiza tangu siku ya kwanza. Geji ya mgandamizo nayo ilikuja mbovu, nimeweka nyingine.

Hatua ya tano kwenye mashine hizi ni kopo la kuongeza ladha, mengine yana madini ndani. Litoe kabisa, mpira uende moja kwa moja kwenye DI. Na kuanzia hapo usiruhusu koki wala kiungio cha shaba. Tumia plastiki tupu. Shaba kidogo tu inaua chaza.

Vipimo vyangu kwa kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini): bomba 430, baada ya utando 17, baada ya DI 0. Ikisoma 1, nabadilisha rezini bila kusubiri. Utando mpya, mwaga maji ya saa nzima ya kwanza. Kichujio cha mchanga kinanidumu miezi minne kiangazi, lakini masika wiki sita tu kinakuwa rangi ya chai. Mkaa nabadilisha kila miezi sita hata kama unaonekana mzima, kwa kuwa klorini ikipita inautafuna utando. Kila lita safi inamwaga kama lita tatu. Hizo zinafulia na kudekia.

Kuchanganya: lita 80 za maji ya RO, kilo 3 za chumvi, pampu izungushe saa 24 kwenye nyuzi 26, kisha pima uchumvi mpaka 35 kwa elfu. Chumvi inaingia kwenye maji, si maji kwenye chumvi.

Kosa lingine linajificha kwenye maji ya kujazia. Wakati wa joto tangi langu linapoteza lita 5 kwa siku. Ukijazia bomba, unaongeza alkalini kama 0.2 dKH kila siku, na kwa macho ya haraka inaonekana kama msaada kwa chaza. Si msaada, kwa sababu inakuja bila kalsiamu ya kuilinganisha. Baada ya miezi miwili namba mbili hizo zinakuwa zimeachana mbali. Jazia RO tupu.

Na chujio linaondoa tu, halilishi. Chaza wangu wawili wanakula 0.6 dKH kwa siku. Narudisha gramu 7 za baikabonati ya sodiamu asubuhi na gramu 6 na nusu za kloridi ya kalsiamu (ya dihidrati) jioni, kila moja imeyeyushwa peke yake. Ukizimwaga pamoja zinashikana palepale. Nashikilia alkalini 8.5, kalsiamu 430, magnesiamu 1300. Kwa namba hizo, wiki tatu baadaye utaona kwenye mdomo wa gamba ukingo mpya mweupe, mwembamba kama ukucha, nyama imeufunika nusu. Kivuli cha mkono kikipita juu anajifunga kwa kishindo na kurusha maji.

Chaza wenyewe nunua waliozalishwa shambani, wenye kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tridacna gigas muache: anapita mita moja, hana nafasi nyumbani.

Nalipatia chujio nyota nne kati ya tano. Moja imeliwa na adapta na geji. Lisipotumika wiki mbili, washa nusu saa umwage kabla ya kuchota. Mwenye tangi chini ya lita 200, la galoni 50 linamtosha, ila busta asiache.