Setralini, Kisha Kusikiliza Sauti Yangu: Uzoefu Wangu Baada ya Kitonga

Naendesha lori, njia ya Dar–Tunduma. Breki zilifeli nikishuka mlima Kitonga, utingo wangu akafariki pale pale. Miezi saba baadaye mke wangu akiunguza kitu jikoni, mimi nanusa breki na jasho linanimwagika. Yeye anadhani malaria.

Nilianza na vidonge vya usingizi vya duka la dawa, diazepamu. Usingizi ulikuja, na Kitonga ikaja nao. Daktari wa akili alinikataza: diazepamu haitibu kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, na kuizoea ni rahisi. (Ndugu walipoulizana kama napelekwa Mirembe, hospitali ya akili, nilinyamaza tu.) Akaniandikia setralini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa kiwewe, miligramu 50 kwa siku. Wiki mbili za kwanza ni kichefuchefu na tumbo kuharisha, nusura niache. Kwenye wiki ya tano hivi ukali ulipungua nyumbani. Ndoto zikabaki.

Kilichozipunguza ni tiba ya kurudia tukio. Vikao kumi, dakika 90 kila wiki. Unafumba macho unaisimulia ajali kana kwamba inatokea sasa hivi: "Nakanyaga breki, inazama." Mtaalamu anauliza hofu ni ngapi kati ya 0 na 100. Siku ya kwanza nilisema 95. Kisha unaanza tena toka mwanzo. Simulizi inarekodiwa kwenye simu yako, ukaisikilize nyumbani kila siku, na hapo ndipo kazi ilipo. Wiki ya tatu niliisukuma simu chini ya kitanda na miadi nikaikacha. Mtaalamu alinipigia mwenyewe, akaniambia baadhi ya watu huzidiwa kidogo kabla ya kupata nafuu. Hilo angeniambia mapema.

Halafu kuna mazoezi ya hatua kwa hatua. Nilikaa kwenye lori lililozimwa, mlango wazi. Baadaye injini ikiunguruma. Mwisho nikashuka Kitonga ndani ya basi, siti ya mbele, mikono imeng'ang'ania begi.

Ubaya wake, wataalamu wa tiba hii ni wachache, na nauli ya kuwafuata kila wiki inauma kuliko bei ya dawa.

Siku hizi nikisikiliza rekodi nzima, hofu haivuki 25. Isipokuwa pale utingo anapopiga kelele, "Suka, gia!" Hapo ni 40, na sina haraka ya kupashusha.